Kuhamisha Bia Bila Kuilisha Hewa

Wengi wakihamisha bia kutoka pipa la kuchachushia kwenda kwenye kegi (pipa la chuma linalofungwa na kuhimili presha) macho yote huwa kwenye mpira: isimwagike, isitoe povu. Lakini hewa nyingi huwa imeshatangulia ndani ya kegi. Kegi tupu ya lita 19 imebeba karibu lita 4 za oksijeni, na bia itakutana nayo hata uimimine polepole namna gani.

Mwanzoni oksijeni huisaidia hamira kuzaana. Hamira ikishamaliza kazi na kutuama, oksijeni hiyohiyo huanza kuila bia. Bia zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ndizo huumia kwanza: harufu ya matunda hutoweka, rangi ya dhahabu inageuka kahawia, kisha inakuja ladha ya kadibodi lililolowa. (Mbege na busaa hazina shida hii, maana hunywewa zingali zinachacha.)

Basi anza na kegi. Kupuliza gesi kidogo kwenye kegi iliyo wazi ni kupoteza gesi. Kaboni dioksaidi huchanganyika na hewa, haitulii chini kama maji. Kujaza gesi hadi psi 30 (psi ni kipimo cha presha) na kuiachia kunafanya kazi, ila kila mara oksijeni inapungua hadi theluthi tu ya iliyokuwepo. Ukirudia mara tano zinabaki kama sehemu 860 za oksijeni katika milioni, bado nyingi mno. Mara kumi inashuka chini ya 4, lakini utakuwa umechoma karibu gramu 700 za gesi.

Njia nafuu ni kujaza kegi pomoni kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa, kufunga kifuniko, kisha kuyasukuma yote yatoke kwa gesi, iingie kwa mlango wa gesi ulio juu ya kegi na maji yatoke kwa mlango wa bia. Gramu 40 hivi zinatosha. Ujanja uko kwenye kujaza: inamisha kegi ili mlango wa gesi uwe juu kabisa, uendelee kuongeza maji mpaka hewa iliyojificha chini ya kifuniko itoke.

Nafuu zaidi ni gesi ya bia yenyewe. Lita 20 za bia ya asilimia 5 hutoa takriban lita 400 za kaboni dioksaidi zikichacha. Ipitishe kwenye kegi tangu siku ya kwanza: iingie kwa mlango wa bia, ambao bomba lake linafika chini, itoke kwa mlango wa gesi kwenda kwenye chupa ya maji.

Unapoipoza bia kabla ya kuhamisha, kumbuka gesi iliyo juu yake husinyaa na kuvuta hewa ya nje. Funga puto lililojaa gesi badala ya kizibo cha maji (kile kinachotoa gesi ya uchachu bila kuingiza hewa), au, kama pipa linahimili presha, liunganishe na mtungi wa gesi kwa psi 1 au 2.

Siku ya kuhamisha, pipa likae juu ya kegi. Punguza presha ya kegi ibaki kidogo tu juu ya sifuri. Ukiunganisha ikiwa na psi 10, gesi itarudi kwa kishindo kwenye pipa na kuvuruga mashapo yote. Jaza mpira dawa, na bia ya kwanza iisukumie nje kwenye jagi. Halafu unganisha na mlango wa bia wa kegi, na mpira wa pili utoke mlango wa gesi urudi juu ya pipa. Bia ikishuka, gesi inapanda kuchukua nafasi yake, na hakuna cha nje kinachoingia. Ndoo ya plastiki itumie kwa mteremko huu tu. Chupa kubwa ya kioo usiitie presha kamwe, inaweza kupasuka.

Ukiona viputo vidogo vikizaliwa kwenye kiungo, mpira unavuta hewa hapo: kaza klempu. Mpira wa silikoni nao hupitisha oksijeni, heri wa PVC. Mtiririko ukikata ghafla, mara nyingi ni mabaki ya hopsi yaliyoziba valvu ya konekta (kiungo kinachochomekwa kwenye mlango wa kegi). Usifungue kifuniko, chomoa konekta, isafishe kwa dawa, rudisha.

Weka kegi kwenye mizani, na uzito ukiongezeka kilo 18.5, funga. Malizia kwa psi 30 ili kifuniko kikae sawasawa, pakaza povu la sabuni kwenye viungo, kisha shusha presha.