Handaki Mokowe hadi Amu
Ndugu, umeuliza kwa nini tusichimbiwe handaki la magari kutoka Mokowe bara mpaka kisiwa chetu cha Amu (Lamu) kama Norwe, tuachane na maboti. Kinachosumbua si upana wa maji, ni kina na mteremko. Norwe wakilipua chini ya bahari huwa wanaacha kama mita 50 za mwamba mgumu juu ya barabara, sasa chukua mkondo wenye kina cha mita 10 tu, ongeza hiyo 50, ushafika 60, na lori halitaki mlima mkali mle ndani breki zitachemka, kwa hiyo ukibaki na mteremko wa asilimia 5, yaani mita 5 kwa kila mita 100, unataka mita 1,200 za kushuka na 1,200 za kupanda hata kama bahari yenyewe ni nyembamba. Lile handaki lao la Ryfylke la 2019 lina km 14.4 na limeshuka mita 292 chini ya usawa wa bahari!

Halafu kwetu mwamba ule hakuna, ukichimba kisima Amu ni mchanga na matumbawe, maji yanapenya tu. Hapo labda mtindo wa Øresund, kati ya Denmark na Uswidi, masanduku ya zege yanaundwa nchi kavu, yanaelea mpaka mahali pake, yanazamishwa kwenye mtaro. Na pampu za kutoa maji hazizimwi usiku na mchana.

Mimi nimevuka na mamangu mgonjwa usiku, maji yamekupwa, boti likakaa kwenye tope, tukashika taa ya simu kungojea yajae. Kwa hilo naomba kwanza mkondo uchimbwe na boti la wagonjwa liwepo gatini saa zote.