Winchester 94 ya zamani: tazama mwaka kwanza

Kaka, umeuliza kama ununue hiyo Winchester 94, bunduki ya leva, hapo Texas: kama ilitengenezwa kabla ya 1964, usiiache. Mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kubana gharama, na wapenzi wa bunduki hizi hawajakisamehe hadi leo.

Hakikisha haina risasi, kisha mulika tochi ndani ya mtutu: mifereji ionekane wazi, bila kutu iliyochimba chuma. Vuta leva (mkono ulio chini, karibu na kifyatulio) polepole mpaka mwisho, isikwame. Mikwaruzo kwenye mbao ni urembo tu. Bunduki iliyopigwa msasa na kupakwa upya ndiyo imepoteza thamani.

Risasi zake za .30-30 nunua zenye ncha bapa, hapo hakuna mzaha. Ndani ya bomba chini ya mtutu zinapangana ncha kwa kitako, na ncha kali inaweza kulipua fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako) ya iliyo mbele yake. (Winchester 1895 aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, Afrika Mashariki mwaka 1909 haina shida hiyo, magazini yake ni kisanduku.)

Darubini ya kulengea achana nayo, maganda hurukia juu na yangeigonga. Mita 100 kwa shabaha za chuma, utafurahi.