Maswali na majibu: Vitisho kituoni na faili lisilofunguliwa

Tangu chaguzi ndogo za Kenya za Novemba 27, 2025, barua kuhusu wahuni wa kukodiwa kutisha wapiga kura hazijakoma, na uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 unakaribia. Nimechagua chache. Waliouliza mambo tuliyokwisha kuyajibu mara tatu watapata mstari mmoja.

Serikali inasema imelaani vitisho. Upinzani unasema serikali ndiyo inayowatuma wahuni. Tumwamini nani? (Msomaji, Homa Bay)

Usimwamini yeyote kwa maneno. Uliza maswali matatu: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ni ipi, afisa anayechunguza ni nani, na je, faili limefika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP)? Waziri akilaani bila kuyajibu hayo, hajafanya kitu. Mwanasiasa wa upinzani akiitisha kikao cha wanahabari kabla ya kupita kituo cha polisi, naye hajafanya kitu. Hapo ndipo kesi nyingi za vitisho hufia. Watu hupiga kelele wiki mbili, kisha hakuna aliyeandikisha taarifa.

Kisingizio cha polisi cha "tunasubiri maagizo" hakina msingi. Kifungu cha 157(4) cha Katiba kinampa DPP uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze madai ya uhalifu, na Inspekta Jenerali hana budi kutii. Kifungu cha 245 nacho kinakataza mtu mwingine, hata waziri, kumwelekeza achunguze au asichunguze kosa fulani. Kwa hiyo polisi wakikaa kimya, huo ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo ana jina na cheo.

Kasipul, eneobunge la Homa Bay lililokuwa na uchaguzi mdogo, ni mfano wa karibu. Baada ya makabiliano yaliyoua watu mapema Novemba 2025, tume ya uchaguzi, IEBC, iliwatoza wagombea wawili faini ya Sh1 milioni kila mmoja. Vizuri. Lakini faini hiyo ni ya kuvunja kanuni za maadili ya uchaguzi. Kifo ni jinai, na jinai hailipiwi kwa tume. Yeyote anayekwambia faini imemaliza mambo anakupotosha.

Vijana walisimama nje ya lango la kituo cha kupigia kura na rungu. Hawakumgusa mtu. Je, ni kosa? (Msomaji, Malava)

Linaweza kuwa kosa, na huhitaji kungoja damu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 kinagusa anayetumia nguvu *au kutishia kuitumia* ili mtu apige kura au asipige. Kinataja hata madhara ya kiroho, kwa hiyo anayewatisha wazee kwa laana au uchawi naye yumo. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba rungu lilikuwa na shabaha hiyo: walimwambia nani nini, walimrudisha nani nyumbani.

Fanya hivi siku hiyo hiyo. Mweleze msimamizi wa kituo, umwombe aliandike tukio kwenye kitabu cha kituo pamoja na saa. Ndani ya kituo yeye ndiye mwenye amri, na anaweza kuagiza mvurugaji atolewe. Nje ya lango ni kazi ya polisi. Ukitoka, nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa na usiondoke bila nambari ya OB. Huandikwa hivi: 14/27/11/2025, yaani ingizo la 14 la tarehe hiyo. Ukikosa ingizo hilo, miezi sita baadaye utaambiwa hukuwahi kulalamika. Aliyeumizwa achukue fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, na kuipeleka hospitalini majeraha yakiwa bado mabichi. Afisa akikataa kuandika, andika jina lake au nambari yake ya kazi, uende IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi.

Nilirekodi video na nikaituma kwenye makundi yote ya WhatsApp. Si ushahidi huo?

Ni ushahidi ulioanza kuharibika. Video inayozunguka makundini hupunguzwa ubora, hupoteza taarifa za saa na kifaa, na hubandikwa maelezo ya uongo na watu usiowajua. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa, chenye sahihi ya mtu anayewajibika nacho. Kwa hiyo itunze simu yenyewe. Usihariri. Usiweke muziki. Weka nakala moja mahali pengine, na uwe tayari kusimama kortini useme, "Mimi ndiye niliyerekodi." Wengi wanataka video iende mbele na wao wabaki nyuma. Haiwezekani.

Naweza kupiga picha karatasi yangu ya kura kumwonyesha mgombea kwamba sikumsaliti?

Usithubutu. Siri ya kura ndiyo ngao yako, na anayekudai picha hiyo ndiye anayekutisha.

Kwetu vijana wenye macho mazima wanadai hawawezi kusoma, wanasaidiwa kupiga kura. Kwa nini mnalichukulia jambo dogo? (Msomaji, Garissa)

Si dogo hata kidogo, na nakushukuru kwa kuuliza. Hiki ndicho kitisho kisichotoa sauti. Kanuni zinamruhusu asiyeweza kujipigia kura aje na msaidizi wake mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, ambaye hutia sahihi Fomu 32 ya kiapo cha siri na humsaidia mpiga kura mmoja tu. Asipokuja na msaidizi, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Angalia mwanya ulipo. Aliyenunuliwa huambiwa, "Sema hujui kusoma." Anafika mezani, anataja jina la mgombea kwa sauti, na wakala wa aliyemlipa anamtazama akitii. Asiyetaja jina hilo anajua kinachomngoja nyumbani.

Wakala makini huja na daftari. Aandike jina la kila msaidizi, na likirudi mara ya pili apinge papo hapo. Ahesabu waliosaidiwa. Kituo hakizidi wapiga kura 700. Wakifika mia mbili na wengi wao ni vijana, adai idadi hiyo iandikwe kwenye kitabu cha kituo. Na kama mama yako haoni vizuri, usimwache aende peke yake. Nenda naye wewe.

Wakala wetu alitishwa, akakataa kutia sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Matokeo si yamebatilika?

Hapana. Tumelijibu hili mara nyingi: kukosekana kwa sahihi ya wakala peke yake hakubatilishi matokeo. Aandike sababu ya kukataa. Kunyamaza na kuondoka ni kumsaidia aliyemtisha.

Korti inaweza kufuta uchaguzi kwa sababu ya vitisho?

Inaweza, lakini mzigo ni mzito. Madai yenye sura ya jinai hudai ushahidi usioacha shaka, si uvumi wenye hati ya kiapo. Kumbuka 2017: Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais hasa kwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa na hali ya fomu. Muda nao ni mfupi, siku 7 kwa urais na 28 kwa ubunge. Anayeanza kutafuta mashahidi siku ya 20 huleta viapo ishirini vyenye maneno yale yale, na wakili wa upande wa pili huvirarua asubuhi moja.

Si afadhali uchaguzi uahirishwe palipo na vurugu?

Sheria inaruhusu, na mimi naiogopa. Oktoba 2017 kura iliahirishwa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na mshindi akatangazwa bila kaunti hizo kupiga kura ile ya marudio. Mhuni akijua vurugu zitafunga kituo, umempa sababu ya kuzianzisha.

Chifu alisema kwenye baraza kwamba kijiji kisipompigia fulani hakitaona chakula cha msaada. Tumripoti wapi? (Msomaji, Turkana)

Msimpelekee mkubwa wake peke yake. Nendeni ofisi ya IEBC ya eneobunge na kituo cha polisi, sehemu zote mbili. Waende watu watatu au wanne waliokuwa barazani, kila mmoja aandikishe taarifa yake kivyake, kwa maneno yake, akitaja tarehe, mahali na alichokisikia kwa masikio yake. Wasiketi kwanza kupatanisha hadithi. Tofauti ndogo ndogo hazitawadhuru, lakini taarifa nne zinazofanana neno kwa neno zitawadhuru.