Wakikuomba Uandike Barua ya Uhamisho, Usiandike

Mwalimu mkuu akikwambia "mchukue mtoto wako na asirudi tena hapa," usikunje virago. Mwanangu aliambiwa hivyo akiwa kidato cha tatu, shule ya bweni nje kidogo ya Nakuru, kwa sababu ya simu iliyokutwa ndani ya godoro lake. Kosa ni kosa, na nyumbani alilipia. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, ambayo inahusu sekondari pia, kifungu cha 35, hairuhusu mwanafunzi afukuzwe mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zishindikane, na yeye na mzazi wake wasikilizwe kwanza. Hata akifukuzwa, lazima apate nafasi kwenye taasisi ya kurekebisha tabia ambako ataendelea na masomo.

Mtego wenyewe uko ofisini. Nilipofika nilisukumiwa karatasi nyeupe na kalamu, nikaombwa kwa upole niandike kwamba naomba uhamisho "kwa sababu za kifamilia", ati jina la kijana lisichafuke. Mzazi mwenye wasiwasi huandika, tena akishukuru. Ukishaweka sahihi, faili inasema wewe ndiye uliyemtoa mtoto. Shule haijamfukuza mtu, na huna uamuzi wa kukatia rufaa. Niliirudisha karatasi ikiwa tupu, nikauliza: kikao cha nidhamu kilikaa lini, na mtoto alijitetea vipi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulitoka na barua ya kumsimamisha kwa muda, yenye tarehe ya kurudi, na alirudi.

Barua ya shule yenye uamuzi wake ndiyo ya kudai, kwa sauti ya chini. Nenda na mtu mzima mwingine. Mimi nilikwenda na shemeji yangu, naye akawa anaandika kila kinachosemwa. Wakikataa kukupa barua, andika yako ukieleza ulichoambiwa na nani, uipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa hukuwahi kufika.

Kama mtoto yuko kidato cha nne na ameshasajiliwa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anza na ofisi ya kaunti siku hiyo hiyo. Kituo chake cha mtihani ni shule ile ile inayomfukuza.