Maiti Mbili Kabla ya Likizo

Mchana mimi ni karani wa wakili hapa Nakuru, usiku naua watu kwa kalamu. Barua za wiki hii zote zimetoka kwa wanaotaka kuandika riwaya za upelelezi.

*Visa unavitoa wapi? (Msomaji, Kondele)*

Kazini na nyumbani. Nimeshalijibu swali hili hadi nimechoka.

*Niache kazi ili niandike? (Mwalimu, Kakamega)*

Usithubutu. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuingia magazetini. Mtu aliyezoea kupiga hodi majumbani akague usafi atakosaje kujua nani anamficha nani? Agatha Christie naye, yule Mwingereza wa riwaya za mauaji, alihudumu kwenye chumba cha dawa hospitalini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana sumu zake zina vipimo.

Mimi mwalimu wangu ni bodi ya ardhi. Shamba la kilimo likiuzwa, maombi ya kibali yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila kibali, mauzo ni batili. Sasa mweke mzee aliyekwisha kula nusu ya pesa, mnunuzi anayehesabu siku, na kitinda mimba aliyekataa katakata. Jambazi mwenye bastola wa nini? Wewe, mwalimu, una daftari la pesa za chakula cha shule. Humo mna maiti mbili kabla ya likizo.

*Babu yangu alikuwa na siri. Naweza kuiandika? (Nesi, Bungoma)*

Babu yangu alifanya kazi ya reli Kisumu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Aliacha sanduku la bati, na ndani yake barua za mwanamke wa Jinja ambaye kwetu hakuna aliyewahi kumtaja. Nilipomuuliza bibi, alisema, "Kunywa chai, inapoa." Riwaya yangu ya kwanza ilianzia hapo. Yule mwanamke nilimuua bandarini, na shangazi akaninunia miaka miwili. Kumbe mauaji hayakumuudhi. Kilichomkera ni kwamba niliandika bibi alitupikia chai ya rangi.

Kisheria, marehemu hashtaki kwa kuchafuliwa jina. Walio hai wanashtaki, na kubadilisha jina hakukusaidii ikiwa kijiji kizima kitamjua mtu kwa mguu wake. Na kwa kuwa u nesi: siri za wagonjwa ziache wodini. Hukuuliza, lakini nakuonya.

*Sumu gani daktari hawezi kuigundua? (Bila jina)*

Mara ya tatu mwezi huu, na hata mhusika hujampa jina. Sijibu. Namba yako nimeihifadhi.

*Juri wangapi waketi kwenye kesi ya mauaji katika hadithi yangu? (Mwanafunzi, Maseno)*

Hakuna hata mmoja! Kenya hatuna juri, wale raia wanaoketi kuamua kesi. Hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa mwaka 2007; siku hizi jaji huamua peke yake. Filamu za Marekani zitawamaliza. Nenda ukakae mahakamani asubuhi moja, hulipi kitu. Utaona kesi ikiahirishwa kwa sababu faili ya polisi haikuletwa. Usimwandike jaji. Mwandike mama aliyepanda matatu ya alfajiri kutoka Molo kuja kusikia hilo tu.