Maswali ya wasomaji: Hii "get" mbona maana zake haziishi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza Kiingereza mwenyewe na naendelea vizuri tu, ila hii "get" inanichanganya sana, niliambiwa ni kupata basi nikashika hivyo, sasa nakutana na "she got angry" eti alikasirika, "we got home" tulifika nyumbani, "he got sacked" alifukuzwa kazi. Nimeanza kuziandika maana zake kwenye daftari nizikariri lakini kila siku inaongezeka nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole. Acha kwanza kukariri, maana hata ukizimaliza zote bado ukiwa unaongea hutajua uchukue ipi. Angalia neno linalofuata baada ya "get", hapo ndo maana ilipo. Mbona "piga" yetu haikusumbui? Piga simu, piga pasi, piga mswaki, unajua maana ukishasikia neno la pili.

Kikifuata kitu, "I got a letter", ni kupata au kupokea. Pakifuata mahali ni kufika. Hizo rahisi.

Ikifuata sifa, "get tired", "get wet", "get angry", mtu anaingia kwenye hali ambayo hakuwa nayo, na hapa wengi wanakwama kwa sababu wanaitafutia "get" Kiswahili chake peke yake wakati haina, chukua maneno yote mawili kwa mpigo: choka, lowa, kasirika. Sisi mabadiliko yako ndani ya kitenzi chenyewe, wao wanaiita "get" iwasaidie. Ndo maana "I'm tired" nimeshachoka, ila "I'm getting tired" ndo naanza kuchoka.

"Got sacked" ni ile -wa yetu ya kufukuzwa, kuibiwa, kukamatwa. Kwenye maongezi iko poa kabisa, kwenye barua ya kiofisi andika "was sacked".

Sasa hii naomba uishike kweli kweli, "I got my phone fixed" maana yake nilitengenezewa simu, kuna fundi kafanya, lakini ukisema "I fixed my phone" umejitangaza fundi wewe! Na "I got him to laugh" ni nilimchekesha, usiisahau hiyo "to", kwenye "I made him laugh" ndo haipo.

Zile za "get up" kuamka au "get over" kupona machungu ya jambo, hizo kweli ni za kujifunza moja moja, ila zichukue kama maneno mapya kabisa kadiri unavyokutana nazo, usizipange zote siku moja utachoka bure.

Halafu ukisikia Mmarekani anasema "gotten" hajakosea, Waingereza wengi wanasema "got" tu. Ila "I've got a car" kwa maana ya nina gari, hata Mmarekani anabaki na "got", akisema "I've gotten a car" anamaanisha amelipata.