Kabla ya Modeli ya Delta, Jua Sifuri Yako Iko Wapi

Ukianza shahada ya uzamivu kuhusu maji, mashapo (mchanga na tope vinavyobebwa na maji) na mikoko ya mlango wa mto, utatamani kuanza na programu ya kuiga mwendo wa maji kwa kompyuta, yaani modeli. Delft3D, kwa mfano, hupatikana bila malipo, na baada ya wiki chache utayaona maji yakijaa na kupwa kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nilianza hivyo katika delta ya Rufiji, na haraka hiyo ilinigharimu miezi saba.

Kosa langu lilikuwa kwenye kina. Nilichukua vipimo vya ramani za mabaharia, ambavyo huhesabiwa kuanzia usawa wa maji yaliyokupwa kabisa, nikaviunganisha na miinuko ya nchi kavu inayohesabiwa kuanzia usawa wa wastani wa bahari, bila kuoanisha sifuri hizo mbili. Katika pwani yetu, ambako wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, sifuri hizo hupishana kwa karibu mita 2. Mikono ya mto, yaani matawi yake ndani ya delta, ikawa na kina pungufu kwa kiasi hicho, na maji ya kujaa yakafifia kabla ya kufika yanakofika kwa kweli. Badala ya kutafuta chanzo, nilipunguza msuguano wa sakafu ya mto mpaka mchoro ukalingana na vipimo, nikaridhika. Lakini msuguano huohuo huingia katika hesabu ya nguvu ya maji inayonyanyua tope, kwa hiyo kila nilichokokotoa baadaye kuhusu mashapo kilirithi kosa la kina.

Mikoko nayo haivumilii kosa la namna hiyo. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkandaa hukaa nyuma, mahali pasipofikiwa na maji kila siku. Msikundazi hupenda juu zaidi, chumvi inapopungua. Kinachozitenganisha jamii hizi huweza kuwa sentimita kumi kadhaa tu za mwinuko. Usitegemee miinuko ya rada za satelaiti ndani ya msitu, kwa sababu mara nyingi husoma vilele vya miti wala si ardhi. Weka vipima usawa wa maji mdomoni, katikati na juu ya delta kwa mwezi mzima, ili upate bamvua mbili na maji mafu (siku za maji madogo) mawili, kisha vyote uvifunge kwenye alama moja ya rejea, yaani sifuri moja.

Kwa mashapo, angalia tarehe ya kila kipimo. Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu ya delta kwenye mto huohuo wa Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa hunasa mchanga kwanza. Modeli iliyolinganishwa na data za kabla ya hapo haiwezi kutumiwa kwa miaka ya sasa bila kubadilisha mashapo yanayoingia kutoka juu. Tope laini nalo hugandamana likikutana na chumvi na kuzama upesi zaidi, hivyo sampuli ipimwe katika maji ya palepale.

Wavuvi waulizeni mapema. Mkondo mkuu ulihamia kaskazini mwa delta baada ya mafuriko ya 1978, na wazee wanajua ni mikono ipi imejaa mchanga tangu hapo. Majibu yao ndiyo yaliyonionyesha mahali ambapo boti yangu ya kupimia ilipaswa kurudi.